Nilivyojifunza Kusema Sijui Dukani kwa Haji

Siku mliponiaga pale dukani Bunda, vijana wangu, mmoja wenu aliniuliza nimewezaje kukaa kaunta miaka yote hiyo bila kupigwa na mteja. Nilicheka, nikasema nitaandika. Sasa nimestaafu, nimerudi nyumbani kwangu Nyasho, hapa Musoma, na muda ninao. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha. Vyeo dukani kwa Haji vilikuwa viwili tu, Haji na sisi wengine, na mshahara kila mtu anaujua wake. Nitaandika habari za kazi yenyewe, na hasa habari ya friji moja ambayo wengi wenu mmeisikia nusu nusu.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiuza vitambaa kwa shangazi yangu, na kuhusu vitu vya umeme nilijua jambo moja tu, kwamba vinapiga shoti. Duka la Haji Mbaraka lilikuwa karibu na soko la Musoma: redio, tivi, pasi, feni, friji, na nyaya za kila rangi. Haji mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kuvaa koti hata jua likiwaka. Aliniuliza swali moja.

"Unaogopa watu?"

"Hapana, Haji."

"Basi utauza. Kaa na Deo, atakuonyesha."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kiofisi.

Deo ndiye aliyekuwa muuzaji mkuu. Shati jeupe, viatu vinavyong'aa, na kalamu mfukoni ambayo sikuwahi kumwona akiandika nayo. Alikuwa na sauti nzito ya kutuliza, kama ya mchungaji anayekutembelea ukiwa mgonjwa. Siku yangu ya kwanza, kabla ya saa nne asubuhi, aliingia mkulima mmoja wa pamba kutoka Bunda, mzee wa heshima zake, akasimama mbele ya redio kubwa yenye spika mbili. Akaweka kidole kwenye boksi.

"Kijana, haya maandishi, P.M.P.O., ni kitu gani?"

Deo hakupepesa hata jicho. "Shikamoo mzee. Hiyo ni Power Mara Power Original. Hizi wametengeneza kwa ajili ya mkoa wetu. Ukienda Mwanza huzikuti."

Mzee akayasoma maandishi upya, herufi moja moja, na nikaona kifua kikimpanda. "Kumbe huko wanatujua," akasema. Akaichukua.

Alipoondoka nikamuuliza Deo kama ni kweli.

"Nani atarudi kusema si kweli?" akajibu. Kisha akanipa sheria yake, na mimi, Mungu anisamehe, nikaiandika kwenye daftari: mteja akiuliza, jibu. Ukinyamaza, ameshahamia duka la pili.

Nataka mwelewe kwamba Deo hakuwa tapeli. Tapeli anaujua ukweli, halafu anauficha. Deo ukweli hakuwa nao kabisa, wala hakuwahi kuuhitaji. Tivi ya LED, kwake, ilikuwa tivi isiyoumiza macho. Mteja akiwa mzee, ikawa tivi inayorudisha macho. Pasi ya mvuke ilikuwa inaua wadudu kwenye nguo. Feni yenye mapanga matano ilikuwa na baridi zaidi kuliko ya matatu kwa sababu, alisema, "kila panga lina baridi yake." Watu walimsikiliza wakitikisa kichwa kukubali. Nami nilikuwa natikisa nao.

Mara moja tu nilimwona akibanwa. Mama mmoja wa Kisorya, anayeuza chai na maandazi pale kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, alikuwa amenunua kiredio kidogo ambacho Deo alimhakikishia hakiingii maji. Wiki haikuisha, akarudi nacho ndani ya mfuko wa nailoni, kinachuruzika. Kilikuwa kimemponyoka wakati anapanda kivukoni.

"Uliniambia hakiingiagi maji," akasema.

"Ni kweli nilisema maji," Deo akajibu kwa upole. "Sikusema ziwa."

Yule mama alimtazama, akanitazama na mimi, akageuka akaondoka. Hakurudi tena. Deo alihesabu hilo kama ushindi.

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha dogo, na ndani yake Fundi Masatu, mtu wa Majita, mwenye miwani iliyofungwa sikioni kwa waya wa shaba. Kila kilichouzwa mbele kikaharibika kilirudi kwake. Wiki yangu ya kwanza nilimpelekea pasi iliyoungua, akaniambia bila kuinua macho, "Binti, hivi vitu ninyi mnaviuzaga huko mbele, mimi navizikaga huku."

Masatu hakuwa mtu wa kufundisha. Ukikaa kimya anakuacha utazame, ukiuliza la maana anajibu, ukiuliza la kijinga anatafuta bisibisi. Lakini jambo moja alinifundisha kwa makusudi. Alichukua redio ya aina ile ile ya Power Mara, akaigeuza nyuma, akanionyesha kibandiko kidogo chenye maandishi ya kubana macho. "Mbele wanaandikaga wanachotaka ununue. Ukweli wanauwekaga huku nyuma, kwa herufi ndogo. Soma hapa." Nikasoma. Nguvu ya sauti iliyoandikwa nyuma haikufika hata robo ya ile ya P.M.P.O. iliyoandikwa mbele kwa rangi nyekundu.

Basi nilikuwa na walimu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na ningependa kuwaambia kwamba nilimfuata wa nyuma. Sikumfuata. Chumba cha Masatu kilikuwa na joto na harufu ya plastiki iliyoungua, na kule mbele watu walikuwa wakinisifu. Baada ya miaka michache nilikuwa naongea kama Deo, na siku nyingine kumpita. Haji alikuwa akinipitia akiniambia, "Nyangeta, mdomo wako una baraka." Nilikuwa navimba.

Ndipo akaja Mwalimu Manyama.

Alikuwa akifundisha shule ya msingi huko Buswahili, wilaya ya Butiama. Mtu mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Umeme ulikuwa umefika kijijini kwao si muda mrefu. Aliniambia anataka friji ndogo, si kwa ajili ya soda. Binti yake Neema, wa darasa la sita, alikuwa na kisukari, anachoma sindano za insulini kila siku. Mpaka siku hiyo walikuwa wakizihifadhi dawa kwenye mtungi wa maji, na hospitali walimshauri kwamba kwa kuwa sasa umeme upo, atafute friji.

Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Wameniandikia maelekezo ya ubaridi unaotakiwa. Dada, naomba usome, unichagulie inayofaa."

Karatasi ile niliishika. Naikumbuka mpaka rangi yake, ya bluu hafifu. Sikuisoma. Kulikuwa na wateja wengine wawili wanasubiri, na Deo alikuwa upande wa pili akimaliza kuuza tivi, na mimi sikutaka kuonekana nasoma kama mtu asiyejua kazi.

"Mwalimu," nikasema, "hizi karatasi wanaandikaga madaktari. Friji tunazijua sisi."

Nikamwonyesha friji moja fupi, nyeupe, yenye stika ya bluu mlangoni. Nikafungua mlango, nikamwelekeza kwa mkono kama ninavyowaona mkifanya ninyi.

"Dawa utaiweka hapa juu kabisa, mbele ya haya matundu, ndipo baridi inapotokea. Na hiki kitufe cha kuzungusha, kina namba moja mpaka saba. Wewe peleka saba. Dawa inataka baridi ya uhakika."

"Wamesema isigande. Hapa haitaganda?" mwalimu akauliza.

"Haigandi. Soma hapa." Nikagonga stika kwa kucha. "No Frost. Maana yake hakuna kuganda."

Akainama, akaisoma. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza. "Mimi nilidhani wanazungumzia ile barafu inayojengeka kwenye kuta," akasema taratibu.

"Hiyo ni ya vitabuni, mwalimu."

Akaichukua karatasi yake, akaikunja. Kisha akaniuliza mara ya pili, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba kuaminishwa. "Una uhakika dada? Haitaganda?"

"Mwalimu, mimi mafriji nimeyauza mpaka nimechoka. Nenda kwa amani."

Akaenda kwa amani.

Wiki tatu baadaye alirudi, saa tano asubuhi, duka limejaa. Shati halikuwa limepigwa pasi. Alisimama pembeni ya kaunta akasubiri zamu yake, na jambo hilo la kusubiri zamu linanisumbua mpaka leo. Alipofika mbele akasema kwa sauti ya kawaida kwamba binti yake amelazwa pale mjini tangu jana. Sukari ilikuwa imepanda siku kadhaa mfululizo ingawa sindano alikuwa anachoma vilevile kama siku zote. Alikunywa maji bila kukoma, akaanza kutapika, mwisho akawa anahema kama aliyekimbia na hawezi kujibu akiitwa. Walimleta kwa gari la kukodi. Nesi alimuuliza dawa wanaihifadhije, naye akamweleza: juu kabisa, mbele ya matundu, namba saba. Nesi akamwambia dawa hiyo iliganda, na insulini ikishaganda inakufa. Ukiiacha iyeyuke unaiona ni ile ile, lakini ndani hakuna kitu. Mtoto alikuwa akijichoma maji.

"Naomba kumwona aliyenihudumia," akasema. Nilikuwa mbele yake. Nafikiri hakunitambua kwa sababu hakuwa anaona vizuri siku ile.

Deo akaingilia kati kwa ile sauti yake. "Pole sana mwalimu. Lakini tuangalie jambo hili kitaalamu. Umenunua friji, friji imetoa baridi. Sasa je, mtu anaweza kulalamikia friji kwa sababu ni baridi? Inawezekana ni umeme wa huko kwenu, huwaga una nguvu sana."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakatikisa kichwa. Kweli, umeme wa huko.

Kitu cha ajabu ni kwamba maneno yale yalikuwa mazuri. Yangefaa. Ningenyamaza tu, mwalimu angeondoka, nami ningebaki na kazi yangu na mdomo wangu wenye baraka. 

"Ni mimi, mwalimu," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuambia namba saba. Sikujua. Nilisema tu."

Akanigeukia.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema.

Akageuka akarudi hospitali. Angenitukana ningepona mapema.

Haji aliniita ofisini. Alitaka kujua kwanza kama friji yenyewe ni nzima. Nikasema ni nzima. "Basi tumshukuru Mungu," akasema, kisha akaona uso wangu, akavua miwani. "Mtoto anaendeleaje?" Nikamwambia sijui. Akanipa ruhusa niende.

Sikuwa na ujasiri wa kwenda siku hiyo. Nilikwenda kesho yake, na kesho kutwa, nikawa nakaa kwenye benchi la nje. Mama yake Neema alijua mimi ni nani. Alinipita akiwa amebeba chupa ya chai, akanipita tena akirudi, hakunisalimu wala hakunifukuza. Siku ya tatu mwalimu alitoka akasema mtoto ameamka na anaongea, na kwamba kama nataka kumsalimia, niingie.

Neema alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiria, macho makubwa, midomo imekauka. Akanichunguza.

"Shikamoo. Baba anasema wewe ndiye wa namba saba."

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Sasa tuweke namba ngapi?"

Mama yake alikuwa anakunja shuka, akaacha kukunja. Mwalimu alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Wote watatu wakanitazama, na mimi, muuzaji wa friji, nikatafuta jibu kichwani nikakuta hakuna. Maneno ya Deo yalikuwepo, mengi, yamepangana. Namba hakuna.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Nitakwenda kuangalia."

Kwa miaka yote niliyokuwa nimefanya kazi ile, sikumbuki kama niliwahi kulisema neno hilo mbele ya mteja. Lilitoka kwa shida kama mwiba.

Nilikwenda kwa Masatu. Sikuwa nimemaliza kumweleza, akawa ameshachukua mfuko wake na vipimajoto viwili. Jumamosi asubuhi, Neema ameshatolewa hospitali, tulikuwa Buswahili, nyumbani kwa mwalimu, na tulikaa mpaka Jumapili alasiri, tukilala kwa jirani. Kazi yenyewe ni rahisi, nami nitawaeleza kwa sababu bado nawaona mnapima friji kwa kutia mkono. Hewa ya friji inabadilika kila ukifungua mlango, kwa hiyo usipime hewa. Unajaza maji kwenye glasi, unatumbukiza kipimajoto, unaiweka pale utakapoweka kitu chako, unafunga mlango, unaacha saa nyingi. Halafu unasoma, unaandika, unabadilisha namba, unaanza upya. Ni kazi ya kuchosha na haina maneno ndani yake. Labda ndiyo maana Deo hakuwahi kuifanya.

Glasi moja tuliiweka juu, mbele ya matundu, kitufe kikiwa saba, vilevile kama nilivyoelekeza mimi. Tulipofungua mlango baadaye, kipimajoto kilikuwa kimesimama chenyewe, kimeshikwa na barafu. Mwalimu aliichukua ile glasi, akaigeuza chini juu. Haikudondoka hata tone. Akairudisha mezani taratibu, akaenda nje kidogo.

Tulipata jibu Jumapili. Rafu ya katikati, mbali na matundu, namba mbili na nusu. Glasi ilikaa nyuzi tano, ndani ya kiwango cha ile karatasi ya hospitali, haikwenda popote. Masatu akaweka alama ya rangi nyekundu pale pale kwenye kitufe, akaonyesha jinsi ya kuufunika mtungi wa zamani kwa kitambaa kibichi umeme ukikatika. Kipimajoto kimoja tuliwaachia.

Mama Neema alituwekea ugali na sato, akakaa mbali. Nilishindwa kugusa. Masatu alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Kula. Ukisusa unaongeza kosa." Nikala. Wakati tunaondoka, yule mama aliniambia neno lake la kwanza tangu tuonane. "Ile karatasi ya hospitali," akasema, "ulipaswa uisome." Nikasema ndiyo. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba.

Neema alipata nafuu, akamaliza shule. Hilo naliandika mapema ili msiumie roho.

Niliporudi kaunta nilikuwa mtu mgumu kuishi naye. Mteja akiuliza jambo nisilolijua, nasema, "Sijui, subiri nisome." Nageuza boksi, nasoma. Kikiwa na kitabu nafungua kitabu. Wengine walisubiri. Wengi hawakusubiri. Deo akaniita Dada Sijui, na jina likashika mpaka kwa wapagazi wa sokoni.

Haji alivumilia miezi kadhaa, kisha akaniita.

"Nyangeta, mteja anakuja dukani kutafuta mtu anayejua. Wewe unamwambia hujui. Sasa amefuata nini?"

"Haji, nikimwambia najua, na sijui?"

"Mbona Deo hana shida hiyo?"

"Deo hana, Haji. Wateja ndio wanayo."

Haji alikuwa mfanyabiashara, lakini hakuwa mtu mbaya, na nafikiri ile habari ya mtoto haikumtoka. Hakunifukuza. Alinihamishia Bunda, kwenye tawi jipya, ambako kulikuwa na wateja wachache wa kuwakimbiza. Alisema ni kwa ajili ya kulijenga tawi. Deo akasema ni kwa ajili ya kuokoa duka. Wote wawili walikuwa sahihi.

Msidhani kwamba nilifika Bunda ukweli ukaniinua. Ukweli ni bidhaa inayokaa sana kwenye rafu. Mwezi wangu wa kwanza aliingia bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga, anataka kifaa cha kutuliza umeme cha kulinda tivi na friji yake. Nikamuuliza friji inakula umeme kiasi gani. Akasema hajui. Nikamwambia basi nami sijui kifaa gani kitafaa, akasome kibandiko cha nyuma ya friji, arudi. Akacheka mpaka akashika kaunta. "Muuzaji hajui, mnunuzi hajui, sasa hili ni duka au darasa?" Akavuka barabara. Duka la ng'ambo walijua papo hapo. Walimuuzia kidogo kilichokuwa karibu na mlango.

Baada ya mwezi alirudi kwangu na kifaa kimekuwa cheusi, ananiuliza kama naweza kukitengeneza. Sikuwa nimekiuza mimi. Lakini mkononi alikuwa na kipande cha karatasi, ameandika namba zote za nyuma ya friji, mpaka namba ya kiwanda na jina la nchi. Aliandika kila kitu ili asiambiwe tena akasome. Nilimheshimu tangu siku ile, na ninyi mnamfahamu, ndiye anayewaletea ndizi.

Hivyo ndivyo tawi lilivyojengeka, mteja mmoja aliyeungua baada ya mwingine. Masatu alikuwa akija kila Alhamisi na mfuko wake, mpaka macho yalipomkatalia. Aliponikabidhi bisibisi zake alisema tu kwamba ile ya kichwa cha msalaba imelika, nisiitumie kwenye tivi. Alifariki nyumbani kwao, kwa amani. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakutuzuia miaka yote ile tukiongea upuuzi kule mbele. Akasema, "Hamkuwahi kuniulizaga." Nimejaribu kulikasirikia jibu hilo, nimeshindwa.

Na Deo? Mnapenda kusikia kwamba lilimpata jambo. Halikumpata lolote. Alikuwa meneja wa duka la Musoma, kisha akafungua lake. Ana gari, ana mvi nzuri, na sauti yake mnaisikia redioni ikitangaza friji. Tukikutana ananiita Dada Sijui na kuniulizia wajukuu. Juzi juzi nilimsikia akiwaeleza watu kwamba tivi ya 4K maana yake inaweza kutazamwa na familia nne. Dunia haikumwadhibu, na mimi nimeacha kuisubiri.

Ninyi mna simu, mnaweza kusoma lolote kwa dakika moja, na bado mmoja wenu, simtaji, alimwambia padre kwamba spika ya Bluetooth haifai kanisani kwa sababu inavuta radi. Alisema kwa uso mkavu kabisa. Ujinga wetu sisi ulikuwa wa kukosa vitabu. Wenu mnauchagua. Someni nyuma ya boksi. Mteja akitoa karatasi mfukoni, isomeni yote, hata akiwepo mwingine anasubiri, hata mwenzenu akiwacheka. Na akikuuliza mara ya pili jambo lile lile, jueni kwamba hakuamini jibu la kwanza, na ana sababu.

Mliniaga Ijumaa, mkanipa birika la umeme, nami niliwashukuru na bado nawashukuru. Jumanne likafa. Jumatano nikalibeba na karatasi yake ya waranti mpaka duka la Haji la Musoma, kwa kuwa Nyasho si mbali. Kaunta alikuwepo dada mmoja mgeni, nadhifu, sauti tamu, asiyenifahamu.

"Shikamoo mama. Pole. Ulikuwa unachemsha nini?"

"Marahaba. Maji."

"Maji ya moto au ya baridi?"

Nikadhani sikusikia vizuri. "Ya baridi, mwanangu. Ndiyo maana nachemsha."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Hapo ndipo tatizo lilipo, mama. Hizi za kisasa hazitaki kuwekewa maji ya baridi. Zinapata mshtuko."

Nyuma yangu alikuwepo mama mmoja na boksi la birika kama langu, jipya, bado lina utepe. Nikamsikia akivuta pumzi.

"Kumbe," akasema.

Nikaweka pochi yangu juu ya kaunta. Nikamwomba yule dada aniletee kiti, kisha nikamgeukia yule mama, nikamwambia alisogeze boksi lake hapa kwenye mwanga, tuligeuze upande wa nyuma.